Waunda Sayari

Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto duniani, mtaalamu wa nyota Kaj Strand wa kituo cha Sproul, katika chuo cha Swarthmore huko Pennsylvania, alitangaza kwamba nyota iitwayo 61 Cygni ina mwenza asiyeonekana. Ukiitazama kwa darubini utaona nyota mbili zinazozungukana polepole. Strand alipopima picha zilizopigwa kwa miaka mingi aliona mzunguko huo unayumba kidogo, akakadiria kwamba kuna kitu cha tatu kinachozivuta, chenye uzito wa mara 16 wa Mushtari. Nyota hiyo iko umbali wa miaka ya nuru 11.4, nayo ndiyo ya kwanza kutangaziwa kipimo cha umbali kilichoaminika, kazi ya Friedrich Bessel ya mwaka 1838. Strand hakusema zaidi ya hayo. Miaka kumi baadaye mwalimu mmoja wa sekondari kule Massachusetts alikipa kitu hicho jina, bahari, upepo, wafanyabiashara na nahodha.

Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Tanga, na upande wa mama yangu ni watu wa Pangani, watu wa majahazi. Nilipokiona kitabu cha mwalimu huyo kwenye meza ya vitabu vya mitumba Dar es Salaam, jalada limechanika na kurasa zimegeuka manjano, nilikipenda kwa sababu mbili: mwandishi ni mwalimu mwenzangu, na hadithi ni ya safari ya chombo. Tangu hapo nimekuwa nikiifuatilia historia ya watu hawa walioketi chini wakaunda walimwengu wa mbali na viumbe wake. Kwa karne nyingi waliotazama juu walipeleka huko majirani zao, na mara nyingine chuki zao. Kazi hiyo ilianza kuwa ufundi siku walipokubali kufungwa na hesabu.

Johannes Kepler, aliyegundua sheria za mwendo wa sayari, ndiye wa mwanzo kukubali kufungwa hivyo. Kitabu chake kidogo Somnium, maana yake Ndoto, kilitolewa mwaka 1634, yeye akiwa amekwisha kufa miaka minne nyuma. Kinaeleza Mwezi kama nchi. Kepler alijua kwamba Mwezi hutuelekezea uso mmoja tu, akaigawa nchi hiyo pande mbili: wakazi wa upande mmoja wanaiona Dunia yetu imetundikwa angani mahali pamoja, ikijaa na kupungua bila kuchomoza wala kuzama, na wa upande wa pili hawaioni kamwe. Mchana wa huko una urefu wa siku zetu kumi na nne, na usiku wake vivyo hivyo. Kwa hiyo alijiuliza: kiumbe gani kitastahimili jua la wiki mbili mfululizo? Viumbe wake ni wakubwa, wanakua upesi na kufa upesi. Wengine wana miguu mirefu kuliko ya ngamia ili waandame na maji yanayokimbia joto, na wengine hujificha mapangoni. Ngozi zao huungua mchana na kubanduka jioni. Kila kitu kimetokana na urefu wa ule mchana. Maelezo ya chini aliyoyaongeza baadaye yaliizidi hadithi yenyewe kwa urefu, kwa kuwa alitaka kila jambo lionyeshe lilikotoka.

Alilipa kwa kitabu hicho. Ndani yake kuna mama mjuzi wa mitishamba anayezungumza na pepo, na nakala ya mkono ilikuwa imeenea kabla ya kuchapwa. Mama yake Kepler, Katharina, alishtakiwa kwa uchawi, akafungwa mwaka 1620, na mwanawe akahangaika na utetezi wake mpaka alipoachiwa mwaka uliofuata. Kepler mwenyewe aliamini kwamba ile nakala iliwatia moto waliomshtaki.

Bernard de Fontenelle, Mfaransa, alifuata mwaka 1686 na kitabu cha mazungumzo ya usiku bustanini kuhusu wingi wa walimwengu. Kilisomwa Ulaya nzima, na hadi leo husifiwa kwa uzuri wa lugha yake. Sitakisifu. Alipofika kwenye sayari ya Utaridi, iliyo karibu na Jua, alisema wakazi wake wamechanganyikiwa kwa joto na hawana kumbukumbu, akawafananisha na watu weusi. Hakupima chochote kumfikisha hapo. Alichukua dharau iliyokuwa mezani kwa wenyeji wake, akaipandisha mbinguni, nayo ikaonekana kama elimu. Wanafunzi wangu huwasomea wenzao ukurasa huo, kwa tafsiri yangu, kisha nawauliza ni kipimo gani kilichotumika. Darasa hukaa kimya, na kimya hicho nakihitaji kabla hatujaendelea.

Christiaan Huygens wa Uholanzi namwonea huruma, maana alikuwa mpimaji hodari: ndiye aliyetengeneza saa ya timazi, na ndiye aliyetambua kwamba Zohali ina pete. Kitabu chake Cosmotheoros kilitoka mwaka 1698, miaka mitatu baada ya kifo chake. Ndani yake anasema kwamba ikiwa Mushtari na Zohali zina bahari na upepo, zina vyombo; na zikiwa na vyombo, hazikosi matanga, nanga, kamba, makapi na usukani. Tena mabaharia wa huko wana bahati, kwa sababu miezi mingi inayozunguka sayari zao ingewasaidia kujua wako wapi baharini, tatizo lililokuwa likiwasumbua mabaharia wa Uholanzi wakati huo. Mtu wa Pangani akisoma orodha hiyo ya vifaa atadhani Huygens alikuwa amekaa forodhani akitazama jahazi linapakia boriti. Lakini hapo ndipo kasoro ilipo. Bahari ya Mushtari ameijaza vyombo vya Amsterdam, na hakuuliza uzito wa mambo huko ungeuruhusu mlingoti usimame.

Miaka mia mbili ikapita kwa mtindo huohuo. Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli wa Milano alichora mistari mirefu juu ya uso wa Mirihi. Percival Lowell, tajiri wa Boston, akajenga kituo chake Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, akaichora mistari hiyo kwa mamia na kuieleza kuwa ni mifereji. Watu wa Mirihi, alisema, wanaishi kwenye sayari inayokauka, hivyo wamechimba mifereji ya kuvuta maji ya barafu kutoka kwenye ncha mbili na kuyapeleka mashambani. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, na kila tajiri wa zama zile alivutiwa na habari za wahandisi wanaokata nchi kavu. Lowell alikuwa na hesabu, na nyingi. Tatizo ni kwamba alikwishajua jibu kabla hajaanza kuhesabu.

Aliyemjibu alikuwa mzee wa miaka 84. Alfred Russel Wallace ndiye aliyefikia wazo la uteuzi wa asili kwa njia yake mwenyewe, sambamba na Darwin, baada ya miaka mingi ya kukusanya wadudu na ndege Amazon na katika visiwa vya Malay. Mwaka 1907 alitoa kitabu kidogo chenye swali kwenye jalada: Mirihi inakalika? Alihesabu joto linalofika huko kutoka kwenye Jua na jinsi hewa nyembamba isivyoweza kulishika, akaona kwamba maji ya Mirihi yangekuwa barafu. Akaongeza hoja inayomwingia hata mkulima: mfereji ulio wazi, unaopita jangwani maelfu ya kilomita chini ya anga kavu, utanyweka kabla haujafika shambani, kwa hiyo mwenye akili ya kuuchimba angekuwa na akili ya kutouchimba. Alifariki mwaka 1913. Mwezi Julai 1965 chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi na kutuma picha zipatazo 20 za mashimo ya vimondo, pamoja na kipimo cha hewa isiyofikia hata asilimia 1 ya hewa yetu. Mfereji hata mmoja haukuonekana.

Sasa nirudi kwa mwalimu wa Massachusetts, maana kwake nina mengi ya kusema.

Jina lake lilikuwa Harry Clement Stubbs, na vitabu vyake alivisaini Hal Clement. Alisoma elimu ya nyota Harvard, akarusha ndege za mabomu aina ya B-24 Ulaya wakati wa vita, kisha akafundisha sayansi katika shule ya Milton Academy kwa miongo mingi. Hadithi yake Mission of Gravity ilitoka kwa mfululizo mwaka 1953 katika jarida la Astounding Science Fiction, Aprili hadi Julai. Alichukua kile kitu cha Strand, uzito uleule wa mara 16 wa Mushtari, akakiita Mesklin. Kisha akakizungusha kwa kasi sana: siku nzima, mchana na usiku, ni dakika kama 18. Kitu kinachozunguka kwa kasi hiyo hutanuka kiunoni na kubonyea juu na chini. Mesklin yake ina kipenyo cha kilomita zipatazo 77,000 kwenye ikweta, na kutoka ncha hadi ncha ni kama 32,000 tu. Ukiwa ikweta, mzunguko unakutupa nje na kupunguza uzito wako, kwa hiyo unaona uvutano wa mara 3 wa Dunia. Ukienda kwenye ncha, hakuna kinachokupunguzia, nawe uko karibu zaidi na kitovu. Clement alipata uvutano wa karibu mara 700.

Nimekuwa nikiitumia namba hiyo kufundishia mada ya mwendo. Angusha kitu kutoka kimo cha sentimita 10 kwenye ncha ya Mesklin. Kitagonga chini baada ya sehemu tano hivi kati ya elfu moja za sekunde, kikiwa na kasi ya kilomita zaidi ya 130 kwa saa. Hapa kwetu ungelazimika kukiangusha kutoka mita 70 ili kipate kasi hiyo. Wanafunzi wakishapata jibu kwa mikono yao wenyewe, nawauliza: mnyama anayeishi mahali hapo ana umbo gani?

Jibu la Clement ni kiumbe kama tandu, urefu wake sentimita zisizofika 40, miguu jozi 18, na magando mbele. Bahari yake ni methani, kwa kuwa kwenye baridi ile methani ni kimiminika. Lakini ufundi mkubwa uko katika hofu zake. Kiumbe huyu hawezi kusimama penye kimo cha kidole bila kutetemeka. Hajui kurusha, maana kitu kikiachwa mkononi hapo kwao hakionekani kikianguka, huwa kimekwisha fika chini. Kuruka hakumo katika mawazo yake. Kukaa chini ya kitu kizito ni jambo la kutisha kupita yote. Soma kwa makini utaona kwamba hofu hizi si pambo la hadithi. Zimetoka kwenye ile hesabu ya sentimita 10. Kepler alipata ngozi inayobanduka kutoka kwenye urefu wa mchana. Clement alipata tabia, malezi na kiasi cha ujasiri wa kabila zima kutoka kwenye kipimo cha uvutano.

Na nahodha wake! Barlennan ni mfanyabiashara wa masafa, mwenye chombo kinachoitwa Bree, vyelezo vingi vidogo vilivyounganishwa kwa kamba ili vipande na kushuka na wimbi bila kuvunjika. Wanadamu wameshusha roketi ya kupimia kwenye ncha ya Mesklin nayo imekwama. Wao hawawezi kufika huko, wangesagika. Wanamwomba Barlennan aende. Safari ni ndefu, kutoka kwenye ikweta ambako yeye na mabaharia wake wanajihisi wepesi kama wagonjwa, kupita kwa mataifa asiyoyajua, mpaka kwenye nchi yake ya uzito. Anajadiliana bei kila hatua, anaficha anachokijua, anawasoma wageni wake wakubwa wanaodhani wanamtumia. Wajomba zangu wangemtambua mara moja. Mwishoni, roketi ikiwa mikononi mwake, anakataa kutoa kilichomo mpaka wanadamu wakubali kuwafundisha watu wake sayansi kuanzia mwanzo. Hataki vifaa vilivyokwisha tengenezwa. Anataka kujua kwa nini vinafanya kazi. Hadithi inaisha Bree ikiwa imefungwa maputo ya hewa moto, na viumbe wale walioogopa kimo cha kidole wamo ndani yake, angani. Nimefundisha miaka mingi, na sijasoma mahali pengine palipoeleza vizuri zaidi kazi yangu ni ya nini.

Clement pia aliacha milango wazi. Katika toleo la Juni 1953 la jarida lilelile aliandika makala iliyoonyesha jinsi alivyoijenga Mesklin hatua kwa hatua, akawaalika wasomaji wamtafutie makosa. Kwake huo ulikuwa mchezo, mwandishi akijitahidi kukosea kidogo na wasomaji wakijitahidi kumkamata. Walimkamata. Wanafunzi wapenzi wa hadithi hizo katika chuo cha MIT walihesabu upya, wakaona umbo lake lingekuwa na ukingo mkali zaidi kwenye ikweta. Uvutano wa kwenye ncha nao, ukihesabiwa vizuri, haufiki nusu ya ile 700. Clement aliyakubali yote mawili. Kwa wanafunzi wangu hii ni habari njema: hesabu ya pili wanaifanya kwa kipimo kipya, na tandu bado ana haki ya kuogopa.

Cha kusikitisha ni kwamba sayari yenyewe haikuwepo. Kitu cha Strand hakikuthibitika. Peter van de Kamp, mkuu wa kituo kilekile cha Sproul, alitangaza mwaka 1963 sayari nyingine kwenye nyota ya Barnard, umbali wa miaka ya nuru 6, na vitabu vya shule vikaiandika. Mwaka 1973 George Gatewood na Heinrich Eichhorn walipima kwa darubini nyingine, wasione kuyumba kokote. Uchunguzi uliofanywa pale Sproul ukaonyesha kwamba hata nyota nyingine za kwenye picha ziliruka pamoja, katika miaka ileile ambayo lenzi ya darubini ilifanyiwa marekebisho. Van de Kamp hakukubali mpaka anakufa, mwaka 1995. Nyota ya Barnard ina sayari kweli, ndogo na za karibu sana. Ya kwanza ilitangazwa mwaka 2024 kwa vipimo vya Chile. Ni nyingine kabisa, hazihusiani na zile alizozitetea.

Ukweli ulipokuja ulikuja kutoka upande usiotazamwa. Tarehe 6 Oktoba 1995, Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari ya nyota 51 Pegasi, yenye uzito wa nusu ya Mushtari, inayomaliza mwaka wake kwa siku 4.2. Waunda sayari wa karne tatu, Kepler, Huygens na Clement, hawakuthubutu kuweka jitu la gesi karibu hivyo na jua lake. Mtu mmoja alikuwa ameliona kwa hesabu: Otto Struve, mwaka 1952, aliandika kwamba hakuna sheria inayozuia sayari kubwa ikae hapo, na kwamba vifaa vya wakati ule vingeweza kuitafuta. Aliachwa bila kusikilizwa kwa miaka 43.

Tanzania nayo ina sayari ya jamii hiyo, kwa jina. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota ulipotimiza miaka 100, kila nchi iliyoshiriki ilipewa nyota moja na sayari yake izipe majina. Kenya iliipa nyota yake jina Kalausi na sayari yake Buru, kwa Kijaluo. Sisi tulipewa WASP-71, iliyo umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 1,000, na sasa nyota hiyo inaitwa Mpingo na sayari yake Tanzanite. Kila mwaka wanafunzi huniomba waipe Tanzanite wakazi, nami huwapa namba kwanza: uzito wa mara mbili na ushei wa Mushtari, mwaka wa siku 2.9, joto la zaidi ya nyuzi 1,500 za Selsiasi. Dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1,064. Mwanafunzi wa miaka 16 angekuwa amemaliza miaka 2,000 ya huko na zaidi. Wanahesabu kwa furaha, kisha wenyewe wanaandika kwamba hapaishi mtu, na nawapa alama zote.

Ndipo nawahamishia Proxima b, iliyotangazwa Agosti 2016 na kundi la Guillem Anglada-Escudé. Iko umbali wa miaka ya nuru 4.2, kwenye nyota iliyo karibu nasi kupita zote baada ya Jua. Nyota yake ni ndogo, nyekundu, yenye milipuko mikali ya miale, na sayari huizunguka kwa siku 11.2. Kwa ukaribu huo huenda uso mmoja tu ndio unaoielekea nyota, upande mmoja mchana usiokoma na upande mwingine usiku. Nancy Kiang wa NASA aliandika mwaka 2008 kwamba mimea ya nyota nyekundu kama hizo huenda ingekuwa myeusi, ili inyonye kila nuru inayopatikana. Uzito wa Proxima b unajulikana kwa kiwango cha chini tu, kama wa Dunia au zaidi kidogo, na unene wake haujapimwa. Kwa hiyo ubaoni tumeweka safu mbili. Tukiuchukua uzito wa 1.1 wa Dunia, gunia la kilo 50 linabebeka kama la kilo 55 sayari ikiwa na unene wetu, na kama la kilo 33 ikiwa imetuzidi unene kwa asilimia 30. Kila kikundi kinaunda mnyama na mmea kwa safu zote mbili, na anayeandika jambo ambalo namba hazimruhusu anakatwa alama.

Kikundi kimoja cha mwaka huu kimechagua ukanda wa machweo, baina ya joto na baridi. Mti wao ni mfupi, mweusi, majani yote yameelekea upande mmoja kwa kuwa jua haliondoki mahali pake, na gome lake ni nene upande huohuo kwa ajili ya milipuko. Nimewarudishia daftari na swali kwa kalamu nyekundu: mbegu ya mti huu inajuaje wakati wa kuota, ikiwa hakuna asubuhi wala kiangazi? Wana muda hadi Jumatatu.